Shamba la Anathothi: Namna Ahadi ya Kurejea Ilivyotimia Hatua kwa Hatua

Karibu na mwaka 587 kabla ya Kristo (K.K.), jeshi la Babeli likiwa limeuzingira mji wa Yerusalemu, nabii Yeremia alinunua shamba. Alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi, ndani ya jumba la mfalme, kwa kosa la kutangaza kwamba mji utaanguka. Hanameli, mwana wa ami yake, alimfuata humo akamwomba akomboe shamba la ukoo lililokuwa Anathothi, kijiji cha makuhani kilicho kilomita chache tu kaskazini-mashariki mwa mji. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, kisha akamkabidhi mwandishi wake Baruku nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, ili ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Siku ile ya mauziano, shamba lenyewe lilikuwa nje ya kuta, upande ulioshikwa na adui.

Mtu aliyekuwa akisema kwamba nchi itachukuliwa ndiye huyo huyo aliyetoa fedha yake kununua sehemu ya nchi hiyo. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa na ujumbe wa pande mbili. Upande wa kwanza ulisema mji utaanguka. Upande wa pili ulisema kwamba watu watarudi, na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Upande wa kwanza ulitimia katika muda mfupi. Upande wa pili ulichukua zaidi ya miaka 100, ukatimia kipande kwa kipande, na katika kila kipande walikuwapo watu walioambiwa wafanye jambo fulani nao wakalifanya, au wakachelewa kulifanya. Makala haya yanafuata safari hiyo kwa mpangilio wa miaka. Msomaji akumbuke tu kwamba miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kushuka, hivyo mwaka 605 hutangulia mwaka 538.

Chanzo cha yote ni agano. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaeleza agano kati ya Mungu na Israeli kwa masharti yaliyo wazi: wakitii watakaa salama katika nchi waliyopewa, wakiasi watang'olewa na kutawanywa kati ya mataifa, na huko waliko wakimrudia Mungu kwa moyo wote, atawakusanya tena. Katika mpangilio wa kitabu hicho, ahadi ya kurudi inatolewa kabla watu hawajaondoka. Mwaka 622 K.K., katika utawala wa mfalme Yosia, hekalu la Yerusalemu lilikuwa likikarabatiwa, na kuhani mkuu Hilkia akakipata humo kitabu cha torati ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na Kumbukumbu la Torati. Yosia aliposomewa alirarua mavazi yake, kisha akaanza kuondoa sanamu na mahali pa ibada za kigeni. Lakini mwaka 609 K.K. aliuawa Megido alipokwenda kulikabili jeshi la Farao Neko wa Misri, na matengenezo yake hayakupata mrithi.

Wakati huo dunia ya mashariki ilikuwa ikibadilisha mabwana. Dola ya Ashuru, iliyotisha mataifa kwa vizazi vingi, ilikuwa imeanguka, na mji wake mkuu Ninawi ulikuwa umeharibiwa mwaka 612 K.K. Misri kutoka kusini na Babeli kutoka mashariki ziligombea urithi wake, na Yuda, ufalme mdogo wa milimani, ulikuwa njiani katikati yao. Mwaka 605 K.K. Nebukadreza wa Babeli aliwashinda Wamisri huko Karkemishi, kando ya mto Frati. Mwaka huo huo Yeremia, aliyekuwa ametabiri kwa miaka 23 bila kusikilizwa, alitangaza kwamba Yuda na majirani zake watamtumikia mfalme wa Babeli kwa miaka 70, na baada ya hapo Babeli nayo itaadhibiwa.

Mfalme aliyekuwapo, Yehoyakimu mwana wa Yosia, alikuwa na nafasi ya kuitikia kama baba yake. Maneno ya Yeremia yaliandikwa na Baruku katika gombo, na gombo hilo likafika mbele ya mfalme wakati wa baridi, akiwa ameketi karibu na moto. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Yosia alirarua mavazi, mwanawe akachoma kitabu. Yeremia alimwagiza Baruku aandike gombo lingine, na maneno mengi zaidi yakaongezwa humo.

Je, Yuda ilianguka kwa sababu ya siasa au kwa sababu ya dhambi? Wanahistoria wa siasa wanasema kwamba ufalme mdogo uliobanwa kati ya dola mbili kubwa ulichagua vibaya: uliitegemea Misri mara kwa mara na kuiasi Babeli iliyokuwa na nguvu zaidi. Waandishi wa Biblia wanasema kwamba agano lilivunjwa. Maelezo haya mawili yana mahali yanapokutana. Shauri la Yeremia lilikuwa la kisiasa na la kiimani kwa pamoja, yaani kumtumikia Nebukadreza na kuishi, na nabii Ezekieli alimlaumu mfalme Sedekia kwa sababu aliapa kwa Mungu kuwa mtii kwa Babeli kisha akavunja kiapo chake. Wafalme hao hawakusukumwa na mazingira peke yake, maana walionywa wakachagua.

Pigo la kwanza kubwa lilikuja mwaka 597 K.K. Yehoyakimu alikuwa ameasi na kufa, na mwanawe Yehoyakini, aitwaye pia Yekonia, kijana wa miaka 18, alikuwa ametawala miezi mitatu tu. Kumbukumbu za Wababeli wenyewe, zilizoandikwa kwenye kibao cha udongo, zinaeleza kwamba mji ulitekwa siku ya pili ya mwezi wa Adari, tarehe ambayo wataalamu wanailinganisha na Machi 16 ya mwaka huo. Mfalme, mama yake, maofisa na mafundi walipelekwa Babeli. Kuhusu idadi yao, Kitabu cha Pili cha Wafalme kinataja mateka 10,000, na sura ya mwisho ya Yeremia inataja 3,023. Huenda hesabu ndogo iliwahusu wanaume wa ngazi fulani tu, au makundi tofauti ya safari. Hesabu zote mbili zinaonyesha kwamba walioondolewa walikuwa viongozi na wenye ujuzi, na walioachwa wengi wao walikuwa maskini.

Swali la mateka lilikuwa moja: tutakaa huku kwa muda gani? Majibu mawili yalishindana. Nabii Hanania, akisimama hekaluni mbele ya makuhani, alisema kwamba katika muda wa miaka miwili Mungu atamrudisha Yekonia pamoja na vyombo vyote vya hekalu. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya utumwa. Akaitikia amina, akatamani iwe hivyo, lakini akaonya kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Hanania akaivunja nira ile mbele ya watu. Baadaye Yeremia alirudi na neno kwamba mahali pa nira ya mti pamewekwa nira ya chuma, na mwaka huo huo Hanania alifariki. Wote wawili walitangaza kurudi. Walitofautiana katika muda, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu anayengoja miaka miwili hafungui mizigo yake, lakini anayengoja miaka 70 hana budi kujenga.

Na kujenga ndiko Yeremia alikowaagiza. Katika barua aliyoituma Babeli aliwaambia mateka wajenge nyumba na kuishi ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, na wautakie amani mji waliohamishiwa na kuuombea, maana amani yake ndiyo itakayokuwa amani yao. Miaka 70 ikitimia, Mungu atawajia na kuwarudisha. Huu ulikuwa utii wa namna ngumu, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa afanye jambo la kishujaa. Waliambiwa walee watoto katika nchi ya aliyewashinda, na wengi wao walijua kwamba wao wenyewe watazikwa huko.

Vibao vya udongo vinaonyesha kwamba mateka waliyaishi kweli maisha hayo yaliyoamriwa katika barua. Waakiolojia waliochimba magofu ya Babeli mwanzoni mwa karne ya 20 walipata orodha za posho za jumba la mfalme, na mwaka 1939 mtaalamu Ernst Weidner alichapisha zile zinazomtaja Yehoyakini, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano, wakipewa mafuta. Vibao vingine vinataja makazi yaliyoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, na cha mapema zaidi ni cha mwaka 572 K.K. Humo watu wenye majina ya Kiebrania wanakodi mashamba, wanalipa kodi na kuandikiana mikataba. Yeremia aliwaambia wapande bustani, na miaka mingi baadaye risiti za mavuno yao zingali zinasomeka.

Huko Yerusalemu, Sedekia, mfalme aliyewekwa na Nebukadreza, aliasi. Mzingiro ulianza, njaa ikaushika mji, na katika mzingiro huo ndipo Yeremia aliponunua shamba. Mwaka 587 K.K., au 586 kwa hesabu ya wataalamu wengine, ukuta ulibomolewa, hekalu la Sulemani likachomwa moto, na kundi jingine likahamishwa. Liwali Gedalia, aliyewekwa kuwatunza waliosalia, aliuawa na Wayahudi wenzake huko Mispa. Waliobaki walimwomba Yeremia awaulizie kwa Mungu, wakaahidi kutii jibu lolote. Jibu lilikuwa wabaki katika nchi. Wao wakakimbilia Misri na kumchukua nabii pamoja nao. Kwa hiyo mwenye hati ya shamba la Anathothi alipelekwa mbali na shamba lake, na Biblia haisemi kwamba aliwahi kuliona tena.

Miaka ya Babeli ilibadilisha namna ya kumwabudu Mungu. Kwa kuwa hekalu halikuwapo, mambo yanayoweza kushikwa mahali popote yalipata uzito mpya: Sabato, tohara, sala, kumbukumbu ya torati. Wazee walikuwa wakiketi nyumbani kwa Ezekieli, karibu na mto Kebari, kusikia neno. Mwaka 562 K.K. Nebukadreza alifariki, na mrithi wake, Evil-merodaki, akamtoa Yehoyakini gerezani katika mwaka wa 37 wa kuhamishwa kwake, akampa nafasi ya kula mezani pa mfalme. Hakuna aliyerudi nyumbani siku hiyo, lakini Kitabu cha Pili cha Wafalme kinafunga habari zake zote kwa tukio hilo dogo, kana kwamba mwandishi aliona mlango umeanza kufunguka.

Dola ya Babeli haikudumu baada ya hapo. Mfalme wake wa mwisho, Nabonido, alimtukuza Sini, mungu wa mwezi, akawaudhi makuhani wa Marduki, mungu wa Babeli, na akakaa miaka kumi hivi katika chemchemi za Tema huko Arabuni, akimwachia mwanawe Belshaza madaraka. Wakati huo Koreshi wa Uajemi alikuwa akizikusanya falme moja baada ya nyingine. Oktoba ya mwaka 539 K.K. jeshi lake liliingia Babeli karibu bila vita, na baada ya majuma mawili hivi yeye mwenyewe akapokewa mjini. Kitabu cha Isaya kinamtaja Koreshi kwa jina kuwa mchungaji wa Mungu atakayejenga upya Yerusalemu. Wapo wasomaji wanaoamini kwamba Isaya wa karne ya nane alimwona kabla hajazaliwa, na wapo wataalamu wanaosema kwamba sura hizo ziliandikwa na nabii aliyeishi uhamishoni. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba sura hizo zinamwona mfalme asiyemjua Mungu wa Israeli akitumiwa naye.

Mwaka 538 K.K. Koreshi alitoa amri kwamba Wayahudi warudi na hekalu lao lijengwe. Kwa nini mshindi afanye hivyo? Jibu moja limo katika mche wa udongo uliochimbuliwa Babeli mwaka 1879 na Hormuzd Rassam, ambao sasa umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Ndani yake Koreshi anajisifu kwamba alirudisha sanamu za miungu katika mahekalu yao na watu katika makao yao. Mche huo hauwataji Wayahudi wala Yerusalemu, lakini unaonyesha sera: watu walioridhishwa katika dini yao hawaasi kwa urahisi, na mkoa mtulivu kwenye njia ya Misri una faida kwa mfalme. Jibu la Kitabu cha Ezra ni kwamba Mungu aliiamsha roho ya Koreshi ili neno la Yeremia litimie. Anayekubali jibu la kwanza halazimiki kulikana la pili, maana Biblia yenyewe haidai kwamba Koreshi alijua anatimiza neno la nani.

Msafara wa kwanza ulipewa vyombo vya hekalu 5,400 chini ya Sheshbaza, mkuu wa Yuda. Ezra anaandika kwamba kusanyiko lote lilikuwa watu 42,360, mbali na watumishi 7,337, na kwamba walikuwa na punda 6,720. Ukijumlisha makundi yaliyotajwa moja moja unapata watu wasiofika 30,000, na wachambuzi wengine wanadhani kwamba orodha hiyo inakusanya misafara ya miaka kadhaa. Jambo lililo wazi ni kwamba wengi hawakurudi. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, anaeleza kwamba walibaki kwa kutotaka kuacha mali zao. Tusiwahukumu upesi, kwa kuwa waliambiwa wajenge nyumba nao wakajenga. Lakini utii wa jana ulikuwa wa kukaa, na wa sasa ulikuwa wa kuondoka, na si kila aliyeuweza wa kwanza aliuweza wa pili.

Waliofika waliongozwa na Zerubabeli, mjukuu wa mfalme Yehoyakini, na kuhani mkuu Yeshua. Kabla ya nyumba ya Mungu walijenga madhabahu, wakatoa sadaka juu yake huku wakiwaogopa majirani. Mwaka wa pili waliuweka msingi wa hekalu. Vijana walipiga kelele za furaha. Wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, na watu hawakuweza kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio. Kisha kazi ikasimama, na msingi ukakaa bila kuta kwa miaka karibu 16.

Sababu za kusimama huko zinaelezwa kwa namna mbili. Kitabu cha Ezra kinawataja watu wa nchi, ambao ombi lao la kushiriki ujenzi lilikataliwa, nao wakawatisha wajenzi na kuwaajiri washauri wa kuwapinga. Nabii Hagai anaitaja sababu ya ndani: watu walikuwa wakisema wakati wa kujenga haujafika, huku wao wakikaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao. Zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa zamu. Vitisho ndivyo vilivyosimamisha kazi kwanza, kisha watu wakaizoea hali ile, na baada ya miaka kadhaa kizuizi cha nje kikageuka kisingizio cha ndani.

Mwaka 520 K.K. mambo yalibadilika. Mfalme Kambise, mrithi wa Koreshi, alikuwa amekufa mwaka 522, maasi yakazuka kila upande wa dola, na Dario akawa ameshika kiti baada ya vita vingi. Siku ya kwanza ya mwezi wa sita katika mwaka wake wa pili, ambayo wataalamu wanailinganisha na Agosti 29, Hagai alisimama mbele ya Zerubabeli na Yeshua. Aliwaambia watazame njia zao: wamepanda mbegu nyingi na kuvuna kidogo, na apataye mshahara anauweka katika mfuko uliotoboka. Waende mlimani, walete miti, waijenge nyumba. Siku ya 24 ya mwezi huo huo kazi ilianza tena. Katika vitabu vya manabii ni mara chache sana neno kuitikiwa upesi hivyo. Yeremia alihubiri miaka 23 bila itikio, na Hagai alilipata kwa siku 23.

Utii huo ulipimwa mara moja. Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Frati, alikuja kuuliza ni nani aliyewaruhusu kujenga. Huyu ni mtu wa historia, kwa kuwa kibao cha Babeli cha mwaka 502 K.K. kinamtaja kwa cheo hicho hicho. Wajenzi hawakusimamisha kazi, bali waliomba kumbukumbu za Koreshi zitafutwe. Nakala ya amri ilipatikana katika ngome ya Ekbatana, nchi ya Wamedi, na Dario akaagiza gharama zilipwe kutoka kodi za mkoa wa Tatenai mwenyewe. Siku ya tatu ya mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario, yaani Machi 515 K.K., hekalu lilikamilika.

Hapa tuitazame ile miaka 70. Ukihesabu tangu Karkemishi, mwaka 605, hadi amri ya Koreshi, mwaka 538, unapata miaka 67. Ukihesabu tangu Ashuru ilipokwisha kabisa na Yosia kuuawa, mwaka 609, hadi Babeli kuanguka, mwaka 539, unapata 70 kamili. Ukihesabu tangu hekalu kuchomwa hadi kukamilika lile la pili, unapata 71 hivi, na Zekaria, aliyetabiri pamoja na Hagai, anataja miaka 70 ya kufunga na kuomboleza katika maana hiyo. Wengine wanaichukua namba hiyo kuwa muda wa maisha ya mtu mmoja tu. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinaitazama kama Sabato ambazo nchi ilidai, kwa kuwa watu hawakuipumzisha. Nionavyo, Yeremia aliizungumzia miaka ya utawala wa Babeli, na hesabu ya 609 hadi 539 ndiyo iliyo karibu zaidi na maneno yake. Lakini hesabu nyingine si za bure. Zinaonyesha kwamba watu walioishi ndani ya ahadi hiyo waliiona ikitimia zaidi ya mara moja.

Hekalu lilikuwapo, lakini mji ulikuwa bado magofu na torati haikujulikana sawasawa. Mwaka 458 K.K., katika mwaka wa saba wa mfalme Artashasta, mwandishi Ezra aliondoka Babeli na kundi la pili. Wapo wataalamu wanaomweka mwaka 398, chini ya Artashasta wa pili. Tarehe ya kwanza inafuata mpangilio wa Biblia, nayo ndiyo ninayoifuata. Ezra aliona haya kuomba askari wa kumlinda njiani, kwa kuwa alikuwa amemwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu huwalinda wamtafutao. Basi walifunga na kuomba kando ya mto Ahava, na baada ya miezi minne tangu kuondoka Babeli wakafika salama.

Mwaka 445 K.K. akaja Nehemia, mnyweshaji wa mfalme katika jumba la Shushani. Aliukagua ukuta usiku, akagawanya kazi kwa jamaa na mitaa, na mbele ya upinzani wa Sanbalati wa Samaria, ambaye wanawe wametajwa katika barua ya Wayahudi wa Elefantine, Misri, ya mwaka 407 K.K., ukuta ulikwisha kwa siku 52. Hata hivyo jaribu kubwa halikutoka kwa Sanbalati. Maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na watoto wao kwa ndugu zao Wayahudi ili wapate nafaka. Nehemia aliwakemea wakuu, akakiri kwamba yeye na watumishi wake nao wamekopesha, akawaapisha warudishe mashamba na riba. Watu waliorudishwa katika nchi yao walikuwa wameanza kunyang'anyana nchi hiyo, na ukuta peke yake usingewaponya.

Siku ya kwanza ya mwezi wa saba Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti mbele ya Lango la Maji, akasoma torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri, na Walawi wakawafafanulia watu wapate kuelewa. Watu walilia, kama Yosia alivyorarua mavazi yake karibu miaka 180 kabla. Kisha wakaweka agano kwa maandishi na kutia mihuri. Lakini Nehemia alipokwenda kwa mfalme mwaka 433 na kurudi baadaye, alimkuta Tobia, mshirika wa Sanbalati, amepewa chumba hekaluni, Walawi wamerudi mashambani kwa kukosa posho, na watu wakifanya biashara siku ya Sabato. Ikabidi aanze upya.

Je, basi ahadi ilitimia? Hekalu lilikuwapo, mji ulikuwapo, torati ilisomwa. Lakini mzao wa Daudi hakukaa tena katika kiti cha enzi, na katika sala ya siku zile Walawi walikiri kwamba wao ni watumwa katika nchi ya baba zao. Wayahudi wengi waliendelea kungoja, na Wakristo wakaja kusema kwamba sehemu iliyosalia ilitimia katika Yesu. Mabishano hayo hayamalizwi na makala ya historia. Linaloonekana katika kumbukumbu ni kwamba ahadi ilitolewa kabla ya utii wowote, kwa hiyo haikununuliwa kwa utii. Na kwamba kila ilipofungua mlango, walioingia ni wale waliotii neno la siku yao. Neno la mwaka 597 lilikuwa kujenga Babeli, la 538 kuondoka Babeli, la 520 kurudi kazini, la 445 kumrudishia maskini shamba lake. Aliyeshika neno la juzi akadharau la leo, alibaki nje ya hatua iliyofuata.

Katika orodha ya waliorudi na Zerubabeli, kati ya watu wa Netofa na watu wa Azmawethi, Ezra ameandika mstari mmoja mfupi: watu wa Anathothi, 128. Karibu miaka 90 baadaye, Nehemia anapovitaja vijiji vilivyokaliwa na wana wa Benyamini, Anathothi kimo.